Maswali ya Wasomaji: Mbona Mmenyuko Huu Huenda Mbio na Ule Hujikokota?

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu kasi ya mimenyuko ya kikemikali. Mbili zimeandikwa na wanafunzi, mbili zimetoka jikoni, nasi tumeziweka pamoja kwa kuwa kanuni zinazozijibu ni zilezile.

SWALI: Katika jaribio la sodiamu thiosalfeti na asidi ya hidrokloriki, tunaweka chupa juu ya karatasi yenye alama ya X, kisha tunapima muda mpaka alama isionekane. Mwalimu anasisitiza kwamba kila tunapopunguza thiosalfeti tuongeze maji. Kwa nini, ilhali maji si sehemu ya mmenyuko huo? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi, na swali lako ni zuri kwa sababu wengi huongeza maji kwa kuwa wameambiwa tu. Kinachoificha alama ya X ni chembe ndogo za salfa zinazojitokeza ndani ya mchanganyiko na kuufanya uwe na ukungu wa manjano hafifu. Wewe unatazama kutoka juu, hivyo macho yako yanapenya kina chote cha kimiminika kabla ya kuifikia karatasi. Kina kikibadilika, ukolezi wa salfa unaohitajika kuificha alama nao hubadilika, na muda ulioupima katika chupa moja hauwezi kulinganishwa kwa haki na muda wa chupa nyingine.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Tuseme umeanza na sentimeta za ujazo 50 za thiosalfeti, kisha ukatumia 20 tu bila maji, na asidi ukaiacha ileile. Utadhani umepunguza thiosalfeti peke yake, kumbe ujazo wote umepungua, asidi imekuwa kali zaidi ndani ya mchanganyiko, na thiosalfeti yenyewe haikuzimuliwa kwa kiwango ulichokikusudia. Mambo mawili yamebadilika kwa pamoja, nawe huwezi tena kusema ni lipi lililoathiri kasi. Ukiweka 20 za thiosalfeti na 30 za maji, jumla inabaki 50, asidi haiguswi, na ukolezi wa thiosalfeti unakwenda sambamba na ujazo ulioumimina. Hapo ndipo grafu ya 1/t (yaani moja gawanya kwa muda ulioupima) dhidi ya ujazo wa thiosalfeti inapopata maana, kwa sababu 1/t inasimama badala ya kasi.

Sehemu ya halijoto ya jaribio hilo inahitaji uangalifu zaidi. Pasha thiosalfeti kabla ya kutia asidi, kisha usome kipimajoto baada ya kuchanganya, maana halijoto unayoitaka ni ya mchanganyiko. Ukipima chupa moja asubuhi na nyingine saa nane mchana, maabara yenyewe imekwisha kuongeza joto na matokeo yako yatayumba. Chupa ioshwe vizuri kila mara ili salfa iliyoganda isikudanganye, na madirisha yawe wazi, kwa sababu mmenyuko huu hutoa gesi ya salfa dioksaidi inayokereketa koo na yenye hatari kwa mwenye pumu.

Naomba pia ulitazame upya jibu ambalo wanafunzi wengi huliandika, kwamba joto huongeza kasi kwa sababu chembe hukimbia zaidi na kugongana mara nyingi zaidi. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Halijoto ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, mwendo wa wastani wa chembe huongezeka kwa asilimia 2 hivi tu, ilhali kasi ya mimenyuko mingi huongezeka kwa takriban mara mbili. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa idadi ya migongano. Svante Arrhenius, mwanakemia wa Sweden, alitoa ufafanuzi mwaka 1889: migongano mingi haizai kitu kwa sababu chembe zinazokutana hazina nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya zamani, na joto dogo tu linapoongezwa, sehemu ya chembe zenye nishati hiyo hukua kwa kiwango kikubwa. Andika hivyo katika mtihani.

SWALI: Nilihama Dar es Salaam nikaja Mbeya, ambako ninauza chakula. Maharage yaleyale sasa yanachukua muda mrefu zaidi kuiva, hata nikichochea kuni kwa wingi. Wenzangu hutia magadi. Je, ni salama, na kuna njia nyingine? (Mama lishe, Mbeya)

JIBU: Mama, tatizo haliko katika moto wako. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huchemka yanapofikia karibu nyuzi 94 badala ya 100. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida hayapandi tena joto, hata ukichochea namna gani. Kuni za ziada huyageuza kuwa mvuke tu, nawe unabaki kuongeza maji mengine. Kuiva kwa maharage ni mmenyuko wa kikemikali, ambapo pektini inayoshikanisha seli za punje huachia kidogo kidogo, na mmenyuko huo hupungua kasi kwa namna inayoonekana wazi hata kwa nyuzi hizo chache. Kwa hiyo yakianza kuchemka, punguza moto, funika sufuria, na uweke akiba ya kuni zako.

Magadi hufanya maji yawe na ubesi, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, na pektini huvunjika upesi zaidi katika maji ya namna hiyo. Aidha, sodiamu iliyomo huchukua nafasi ya kalisi ambayo huikaza pektini, na ndiyo maana maji magumu ya baadhi ya visima hukawiza maharage popote yanapopikwa. Kutia kidogo hakuna ubaya, lakini yakizidi, maharage hupata ladha ya sabuni, ngozi ya punje huvurugika, na sehemu ya vitamini B1 huharibika, kwa kuwa vitamini hiyo haistahimili joto ndani ya ubesi. Kwa maoni yangu, loweka maharage usiku kucha, epuka yaliyokaa ghalani muda mrefu, na ukijaliwa kupata uwezo nunua sufuria ya presha. Mvuke uliobanwa ndani yake huyazuia maji yasichemke mapema, na halijoto hupanda kukaribia nyuzi 120, kiwango ambacho mwinuko wa Mbeya hauwezi kukunyang'anya.

SWALI: Sisi hupaka nyama ya mishkaki papai bichi lililosagwa ili ilainike. Nilipolichemsha papai kwanza, nyama haikulainika. Nilidhani joto huharakisha kila kitu. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho hukata protini za nyama. Vimeng'enya ni vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kutumika vikaisha, na vyenyewe ni protini zenye umbo maalumu ambalo kazi yao yote inalitegemea. Joto huongeza kasi yao hadi kiwango fulani, na papeini hustahimili kuliko vingi, kwani hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 60 hivi. Ukiichemsha kwa muda, umbo hilo huvurugika na halirudi hata papai likipoa. Lipake likiwa bichi, na usiiache nyama humo muda mrefu mno, isije ikawa uji juu ya mshikaki.

SWALI: Ikiwa kichocheo huongeza kasi, je, huongeza pia kiasi cha mazao? Na kwa nini amonia hutengenezwa kwenye nyuzi 450 wakati kitabu kinasema joto dogo hutoa amonia nyingi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mombasa)

JIBU: Hapana, hakiongezi. Kichocheo huupa mmenyuko njia inayohitaji nishati ndogo zaidi, kwenda na kurudi, hivyo mizania, yaani hali ambapo kasi ya kwenda na ya kurudi zinalingana, hufikiwa mapema lakini inabaki palepale. Kitabu chako kiko sahihi kuhusu joto dogo, isipokuwa kwamba naitrojeni ina vifungo vigumu sana na katika joto dogo amonia hiyo nyingi ingechukua muda usiovumilika. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba kazi hii inawezekana, Carl Bosch akaifikisha kiwandani, na uzalishaji ukaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Suluhisho lao ndilo linalotumika hadi leo: kichocheo cha chuma, nyuzi kati ya 400 na 450, na kanieneo ya angahewa 200 hivi. Kila mara gesi inapopita juu ya kichocheo, ni asilimia 15 hivi tu inayogeuka amonia. Amonia hiyo hupozwa ikawa kimiminika na kuondolewa, na gesi iliyobaki hurudishwa ndani ipite tena.