Mikunjo ya kitambaa cha dari huanzia kwenye fito, si kwenye gundi

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nina gari aina ya saluni, la milango miwili, la mwaka 1966. Dari yake ni ya vinili iliyoning'inizwa kwa fito za chuma. Nilinunua kitambaa kipya kilichokwisha kushonwa, nikapitisha fito, nikagundisha upande wote wa kushoto kuanzia mbele hadi nyuma, kisha nikavuta upande wa kulia. Sasa kuna mikunjo ya mshazari inayotoka kwenye ncha za fito kuelekea katikati, na mshono wa pili umepinda. Kitambaa sijakikata kingo. Je, kimeharibika? Na ni lazima kutoa kioo cha mbele na cha nyuma, au naweza kukichomeka chini ya mpira wa kioo kwa spachula?

Jibu: Salama, ndugu. Maadamu hujakata kingo, kitambaa chako ni kizima na kitatumika. Kitoe chote uanze upya, kwa sababu kasoro zote mbili ulizozieleza haziponi kwa kuvuta zaidi pembeni. Ukizidi kuvuta, mkunjo utahama tu, au mshono utachanika.

Kwanza namna ya kukibandua. Pasha ukingo kwa draya ya nywele mpaka gundi ilainike, kisha vuta taratibu kwa pembe ndogo huku mkono mwingine ukishikilia kitambaa karibu na pale kinapoachia. Gundi iliyobaki isugue kwa kidole gumba mpaka ijiviringe na kutoka. Usitumie petroli wala thina kwenye vinili. Vimiminika hivyo huondoa mafuta yanayoipa ulaini, na doa lake hutokea upande wa mbele baada ya siku chache.

Dari ya aina hii haikubandikwa kwenye bati. Inaning'inia. Nyuma ya kila mshono kuna upindo, yaani mfereji mwembamba wa kitambaa chepesi ambamo ufito hupita. Gundi inashika kingo peke yake. Kwa hiyo umbo la dari linaamuliwa na vitu vitatu kabla gundi haijafunguliwa: ufito gani umekaa wapi, umesimama kwa pembe gani, na upindo unaishia wapi kwenye ufito huo.

Hicho cha tatu ndicho kilichokuletea mikunjo ya mshazari. Ufito hunyooka katikati na kupinda kuelekea chini karibu na ncha zake. Kitambaa kipya huja na pindo ndefu, kwa makusudi, ili fundi akate mwenyewe kulingana na gari. Upindo ukiachwa urefu wake wote, unalizuia vinili lisisogee kuelekea pembeni pale ufito unapoanza kupinda. Wewe unavuta ukingo chini, upindo unashikilia ndani, na nguvu hizo mbili zinakutana kwa mshazari. Dawa yake ni kufupisha upindo kila upande, lakini kidogo kidogo: kata milimita 10, vuta ukingo, tazama, kata tena kama mkunjo bado upo. Kata upindo peke yake, sambamba na mshono, bila kugusa uzi wa mshono wenyewe. Ukipitiliza, kitambaa kitaachana na ufito na kulegea karibu na mlango, na hapo hakuna marekebisho ila kushona upindo upya. Ndiyo maana hatukati sentimita 5 kwa mkupuo hata kama gari la jirani lilihitaji hivyo.

Mshono uliopinda una sababu nyingine. Ulipogundisha upande mmoja wote, ulifunga mahali pa kila mshono upande huo kabla ya kujua fito zitasimamaje baada ya kuvutwa mbele na nyuma. Upande wa kulia ukavutwa kufidia, na mshono ukafuata. Mvutano wa mbele na nyuma unatangulia, wa pembeni unafuata. Huo ndio mpangilio ambao hauna njia ya mkato.

Kabla ya kurudisha chochote, kagua fito. Karibu kila ufito una mwinuko wake, hivyo kubadilishana nafasi kunaleta bonde sehemu moja na kugusa bati sehemu nyingine. Magari mengi yalitoka kiwandani na rangi kwenye ncha za fito ili zitambulike. Kama rangi imefutika, zilaze sakafuni kwa mpangilio uliozitoa, uzifunge tepu ya karatasi na kuandika namba, pamoja na upande wa kushoto na kulia. Tundu la kuingizia ncha nalo liandikwe, maana magari mengine yana matundu mawili au matatu kila upande kwa kila ufito, na tundu moja tofauti linatosha kushusha au kuinamisha ufito. Safisha kutu kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Kutu hupita kwenye upindo na kuacha mstari wa kahawia juu ya mshono, hasa kwenye vinili nyeupe. Bushi za plastiki za kwenye ncha zikiwa zimevunjika zibadilishwe, la sivyo ufito utapiga kelele barabarani.

Wakati bati liko wazi, malizia kazi zote za juu: waya wa taa ya dari, kutu, na kuvuja. Mwagia maji mfereji wa pembeni mwa paa na mzunguko wa vioo ukiwa ndani na tochi. Kizuia sauti na joto kikae sasa. Paa la saluni ndogo huchukua takriban mita 2 za mraba za shiti ya butili yenye alumini, na haihitaji kufunika kila inchi. Unene wa milimita 2 unatosha. Ukiongeza sponji juu yake, hakikisha kati ya sponji na fito pamebaki nafasi. Sponji inayosukuma fito chini itachora michirizi kwenye dari. Vumbi la pamba au juti ya zamani livaliwe barakoa.

Sasa swali la vioo. Kama kwenye gari lako ukingo wa dari unazunguka mdomo wa bati na mpira wa kioo unakaa juu yake, vioo vitoke. Najua ni kazi inayoogopesha, na spachula inaonekana kuwa ukombozi. Lakini kitambaa kilichochomekwa kwa spachula kinaingia milimita 10 hivi na hakina cha kukishikilia. Huwezi kukivuta kwa nguvu inayosimamisha fito, na mvutano huo wa mbele na nyuma ndio unaoutafuta. Pia mpira wa zamani uliokauka huchanika ukiinuliwa, kisha maji yanafuata nyuzi za kitambaa hadi kwenye dashibodi. Ukiwa na mpira mpya mkononi, kutoa kioo ni rahisi zaidi: kata mdomo wa mpira wa zamani kwa wembe, kisha watu wawili wakisukume kutoka ndani kwa viganja, kuanzia kona ya juu. Usipige na usisukume kwa miguu. Kioo cha mbele cha tabaka mbili hupasuka kuanzia ukingoni. Gari ambalo ukingo wa mbele unafungwa kwa ukanda wa chuma wenye meno au kwa paipini (ukanda mwembamba wa kufunika ukingo) ya kuchomeka halihitaji kutolewa kioo. Angalia lako linafunga vipi kabla ya kuamua.

Siku ya kazi, kitambaa kilale juani au chumba chenye joto kwa saa moja au mbili ili mikunjo ya kwenye boksi iondoke. Joto la nyuzi 22 hadi 30 linafaa. Vinili iliyofungwa kwenye baridi huonekana imekaza, halafu hulegea siku ya kwanza ya jua kali. Weka alama ya katikati kwa chaki: kwenye bati mbele na nyuma, na kwenye kitambaa mbele na nyuma kwa kukikunja nusu, mshono juu ya mshono.

Pitisha fito zote nje ya gari, zikichomoza kwa usawa pande zote mbili. Ingia nazo, uanze na ufito wa nyuma. Magari mengi yana ndoano au vipande vya waya vinavyouvuta ufito huo kuelekea nyuma, na bila hivyo fito zote zitaelemea mbele mara utakapovuta kitambaa kwenye kioo cha mbele. Endelea ufito baada ya ufito hadi mbele. Kila mmoja usimame karibu wima, bila kugusa bati.

Gundi iwe ya kupaka pande zote mbili, inayostahimili joto kali. Paa la gari lililosimama juani ni kama kikaango, na gundi ya kawaida ya kopo la kupuliza huachia hapo. Nusu lita hadi lita moja inatosha kwa kingo zote. Paka kwa brashi upana wa sentimita 3 hadi 4 kwenye bati na kwenye kitambaa, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ikiguswa inanata bila kuvuta nyuzi, kisha kutanisha. Ikiwa bado mbichi, kitambaa kitateleza na kurudi. Fungua milango yote, vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, na kifaa chochote cha moto kikae mbali mpaka harufu iishe.

Lakini kabla ya gundi, vibanio. Bana katikati ya mbele, vuta katikati ya nyuma na ubane, kisha songa kuelekea pembe, mbele na nyuma kwa zamu. Tazama fito kwa pembeni: zikiwa wima na mishono imenyooka, mvutano umetosha. Ndipo uhamie pembeni. Vuta kwenye mishono kwanza, mshono mmoja kushoto, uleule kulia, na hapo ndipo ufupishe pindo kama nilivyoeleza. Mishono yote ikinyooka, vuta sehemu zilizo kati yake. Kila kitu kikae kwa vibanio, utoke nje, utazame kupitia milango yote. Ukiridhika, toa vibanio vichache kwa wakati mmoja na ugundishe kwa mpangilio uleule. Pembe na nguzo za nyuma huja mwisho. Kwenye kona za ndani kata pembetatu ndogo kwenye ziada ya kitambaa, ikome milimita 5 kabla ya ukingo wa bati. Mkato unaofika ukingoni utaendelea kuchanika.

Mbali na pembetatu hizo, usikate ziada yoyote siku hiyo. Acha gundi usiku mzima, kisha kata kwa wembe mpya usawa wa mdomo wa bati. Kitambaa kikichomoza nje ya mpira wa kioo kitanyonya maji kama utambi wa taa.

Vizuia jua, kioo cha ndani na ndoano za nguo huwasumbua wengi kwa sababu matundu hupotea. Kabla ya kufunika, rudisha skurubu kwenye matundu yote na uziache zimechomoza milimita 5. Utazipapasa chini ya kitambaa, utatoboa juu ya kichwa cha skurubu kwa msumari uliopashwa moto, kisha utaitoa hapo hapo. Usitoboe kitambaa kwa drili. Uzi mmoja ukinaswa na ncha ya drili, mshono wote unafumuka mbele ya macho yako. Taa ya dari inahitaji mkato mdogo wa alama ya X, mfupi kuliko kitako chake, na ufanywe baada ya kila kitu kukaza.

Mikunjo midogo itakayobaki, ya upana wa kucha, usiifungulie gundi. Pitisha mvuke wa pasi au draya kwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono ukitembea muda wote, au acha gari juani madirisha yakiwa yamefungwa. Vinili itajivuta. Mkunjo wa mshazari unaoanzia kwenye ncha ya ufito, huo hautaondoka kwa joto. Rudi kwenye upindo wake.