Jua Lisichwe Kabla Hajalipwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: ni andiko gani la Biblia unalolitenda katika maisha ya kila siku, na unalitenda vipi? Langu ni Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 14 na wa 15. Mungu anamzungumzia kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, na anaagiza: "mpe ujira wake kwa siku yake". Jua lisichwe kabla hajalipwa, kwa kuwa moyo wake umeutumainia ujira huo.

Mimi nafyatua matofali ya saruji hapa Tanga, upande wa Pongwe. Vijana wangu wanalipwa jioni ileile, kwa hesabu ya mifuko ya saruji waliyoimaliza.

Najua wengi watawaandikia kuhusu upendo na msamaha, na watakuwa wamesema kweli. Nimechagua hili kwa sababu halimpi mtu pa kujificha. Nikisema nina upendo moyoni, nani atanipinga? Lakini kama sijalipa, ifikapo saa kumi na mbili jioni uwanja mzima unajua.

Kibarua hanunui unga kwa gunia. Jioni anapita dukani, anachukua unga kilo moja, mafuta ya kupimiwa, mkaa wa kopo, na dagaa zikipatikana. Ukimwambia "njoo Jumatatu", umewaambia na wanawe. Mama ntilie naye, aliyemlisha mchana na kuandika kwenye daftari, kesho asubuhi atakosa hela ya maharage. Aliyelitoa neno hili alijua nyumba ya maskini inakulaje. Ndiyo maana akaonya kwamba mtu huyo akimlilia Bwana, itakuwa dhambi juu yako. Yakobo, sura ya 5, anafika mbali zaidi: ujira uliozuiwa wenyewe unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimeingia masikioni mwa Bwana.

Kwetu Tanga kilio hicho kina historia. Mkonge uliletwa kwenye pwani hii mwaka 1893, na mashamba yakajaa manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, alitoka Kigoma. Walifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara mpaka zote zijae. Siku ambayo hukumaliza sehemu uliyopimiwa haikuandikwa, hata kama ulikata mkonge tangu alfajiri. Basi siku 30 za kadi zingeweza kula mwezi na nusu wa kalenda. Mengi ya mashamba hayo yalikuwa ya watu waliokuwa na Biblia nyumbani na kwenda kanisani Jumapili. Nikiisoma Torati ikisema "kwa siku yake", namwona babu akiwa na kadi yake mkononi, na siwezi kuusoma mstari huo kama habari za Waisraeli peke yao.

Sasa, vipi? Mtihani wangu mkubwa ni wateja. Mkandarasi anachukua matofali leo, halafu simu haipokelewi. Kwa biashara nyingi hapo ndipo kibarua anapoambiwa "mteja hajalipa", kana kwamba yeye alikuwa na mkataba na mteja. Aliyeajiriwa na mimi ananidai mimi. Kwa hiyo sipokei oda bila malipo ya awali, na katika hela hiyo ujira unatengwa kwanza, kabla ya saruji na mchanga. Unakaa kwenye laini ya simu niliyoitenga, ambayo haiguswi kwa lingine, si ada ya mtoto, si mchango wa harusi. Ikiwa hela ya ujira haijatimia, mashine haiwashwi siku hiyo. Nimepoteza oda kwa msimamo huu, tena kubwa, na nitaendelea nao.

Kuna mambo madogo ambayo ni sehemu ya utii uleule. Nikituma kwa simu naweka na ya kutolea, maana makato yakimwangukia yeye nimempunja. Nikilipa taslimu natafuta chenji mapema, nisiwape wawili noti moja wakaanze kugombana njiani. Na Jumamosi hesabu zote zinafungwa, kwa sababu Yesu katika Mathayo 5 anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako kwanza ukapatane naye.

Wengi wa vijana wangu ni Waislamu, na msimamizi wao ni mzee wa msikitini. Nilipomsomea mistari hii alinijibu papo hapo: "Mama, hata Mtume ametuambia tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka." Tangu hapo hatujahitaji maelezo marefu. Jua likiinama ananiita, nami naenda na daftari.

Nawaomba hasa Wakristo wenzangu mnaojenga nyumba mwaka huu msome Yeremia 22. Nabii anamlaumu mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba lenye vyumba vipana na madirisha, huku akimtumikisha mwenzake bila ujira. Kisha anamkumbusha baba yake, Yosia, aliyewatetea maskini na wahitaji, na Bwana anauliza kama huko siko kumjua yeye. Kila ninaposikia mtu anaombewa baraka ya nyumba mpya, nauliza moyoni kama saidia fundi amemaliziwa chake.

Kwenye jumuiya yetu limebaki suala la mvua. Vijana wamefika alfajiri, masika yamefungua, hakuna mfuko uliofyatuliwa. Mimi natoa nauli na chakula cha mchana. Mume wangu anasema Mathayo 20, mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua kwa saa tofauti, inadai zaidi, kwa kuwa wale walioajiriwa saa kumi na moja walisimama sokoni kutwa si kwa uvivu, bali hakuna aliyewaajiri, na wakapewa dinari nzima, ujira wa siku kamili. Nimempigia hesabu za mtaji, akazikubali, akasema mwenye shamba naye alikuwa na hesabu zake. Naona ana hoja. Masika ijayo nataka kuongeza nusu ya ujira wa siku, nione kama biashara itahimili.

Msomaji wenu, Tanga