Nasoma teknolojia ya uinjinia, PE nitapata kweli?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Texas, mwaka wa tatu, nasoma teknolojia ya uinjinia upande wa mitambo. Nilikua najua nikimaliza nafanya mtihani napewa leseni ya PE, ile ya injinia mtaalamu, basi. Juzi jamaa mmoja kazini kanicheka, eti digrii yangu kuna majimbo hawaitaki kabisa. Ni kweli au ananitisha tu? Na nikija kuhamia California itakuaje?
Msomaji, Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakutishi, ila hajakumalizia.

Marekani hakuna leseni ya uinjinia ya nchi nzima. Kila jimbo lina bodi yake na sheria yake. Walianza Wyoming mwaka 1907, maana kule kila mtu alikua anachora ramani za kuombea haki ya maji anasaini kama injinia, hata mawakili. Texas wao walisubiri mpaka 1937, shule ya New London ikalipuka kwa gesi, wakafa karibu watu 300, wengi watoto, ndo sheria ikapita mwaka huohuo. Kinachofanana ni mitihani tu, FE wa misingi ya uinjinia na PE wa leseni yenyewe, hiyo inatungwa na NCEES, baraza la bodi za majimbo, kwa majimbo yote, kwahiyo unaweza ukafaulu mtihani uleule na bodi moja ikakupokea ingine ikakurudisha mlangoni.

Wanakurudisha kwa nini? Digrii. Hapa wengi wanajichanganya, ukiwauliza chuo chako kina ithibati ya ABET, shirika linalokagua masomo ya uinjinia, wanasema ndio wanaona yameisha. Kumbe ABET ina kamisheni tofauti, EAC ndo ya uinjinia na ETAC ya teknolojia ya uinjinia kama yako, na bodi haisomi jina la chuo wala GPA yako nzuri, inaangalia hizo herufi. Texas mwenye EAC anatakiwa miaka 4 ya kazi, mwenye ETAC miaka 8. Yani hapo ulipo leseni utaipata, ila utasubiri mara mbili ya mwenzako mliekaa nae darasa moja la hesabu. Mi naona ni uonevu kidogo ila ndo sheria. Na jamaa yako yuko sahihi, kuna majimbo ETAC hawaipokei hata ufanye kazi miaka ishirini.

California ni wapole kuliko watu wanavyodhani. Wanataka jumla ya miaka 6, masomo na kazi pamoja, digrii ya EAC inahesabiwa 4, ya teknolojia inahesabiwa pungufu, inayobaki unafidia kwa kazi. Ungekua wa ujenzi ndo wangekuongezea mitihani miwili, wa matetemeko na wa upimaji wa ardhi.

Ila usije ukadhani leseni ya Texas utaibeba kwenye begi. Ukihama unaomba upya, na bodi mpya inafukua mpaka digrii. NCEES wanaweza kukutunzia rekodi, vyeti na barua za mabosi mahali pamoja, inapunguza usumbufu ila haibadilishi ETAC kuwa EAC.

Halafu jiulize, PE unaihitaji? Majimbo mengi injinia wa kiwandani anaebuni bidhaa za kampuni yake hahitaji leseni, anaeihitaji ni yule anaegonga muhuri kwenye michoro ya majengo na miradi ya umma. Ingawa jina la injinia nalo lina mambo, Oregon mwaka 2017 bodi ilimpiga faini ya dola 500 Mats Järlström, mtu ana digrii ya uinjinia ya Sweden, kosa lake alikosoa hesabu za taa ya njano barabarani akajiita injinia. Alienda mahakamani akashinda.

Wewe uko mwaka wa tatu bado, nenda kamuone mshauri wako wa masomo wiki hii muulize ukihamia uinjinia mitambo wenye EAC krediti ngapi zinakubaliwa. Ikiwa unaongeza mwaka mmoja au hata miwili, hama, bado ni nafuu kuliko ile minne utakayoongezewa kazini. Ikiwa unaanza karibu upya, maliza hapohapo, ila kabla hujasaini kazi jimbo lolote soma kwanza sheria ya bodi yao.