Mashine ikikuwekea shilingi, kataa: maswali yenu ya benki mkiwa nje ya nchi

Safari hii barua nyingi zimekuja na jambo lilelile, mtu kaondoka kwa muda, kaenda kusoma au kafuata mzigo au kapata mkataba, akaunti kaiacha nyumbani na sasa hela yake mwenyewe haishikiki. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi wenu mnaoenda masomoni mnakwama palepale.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nasoma masters Leipzig, Ujerumani, nimefika mwanzoni mwa Oktoba. Hela yangu ya mwaka mzima iko kwenye Sperrkonto (akaunti iliyofungwa, inatoa kiasi maalumu kila mwezi) kama ubalozi unavyotaka, ila kila nikiingia wananiambia niweke IBAN, yaani namba ya akaunti ya huku, ndo waanze kunilipa, na benki niliyoenda wanataka karatasi ya Anmeldung (usajili wa makazi) ambayo sina. Kwa hiyo naishi na kadi ya Visa ya benki yangu ya Dar, natoa euro 50 leo, 50 keshokutwa, makato yananimaliza. Afu nikitaka kuhamisha hela kwa app wanatuma namba kwenye laini yangu ya Bongo, na laini nilimwachia mdogo wangu, yuko bweni, simu inakaa kwa matroni. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Leipzig)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Tuanze na makato maana ndo yanakula hela yako kila siku.

Ukitoa hela nje kwa kadi ya nyumbani kuna watu watatu wanaokata. Benki yako inakata ada yake ya kutoa nje ya nchi, mwenye mashine ya kutolea hela (ATM) anaweza kukata ya kwake, afu kuna reti ya kubadilishia ambayo hapo ndo wanapojificha wengi. Ada mbili za kwanza mara nyingi hazijali umetoa kiasi gani. Tuseme benki yako inakata shilingi 10,000 kila ukitoa na mashine inakata euro 5: ukitoa euro 50 mara sita umelipa shilingi 60,000 na euro 30 juu, ukitoa 300 kwa mkupuo umelipa shilingi 10,000 na euro 5, basi. Hela ni ileile 300. Kwa hiyo acha kudonoadonoa, toa nyingi mara moja uhifadhi vizuri chumbani, na kama kadi inagoma andikia benki yako wakupandishie kiwango cha kutoa kwa siku, hiyo ni haki yako kuomba.

La reti ndo nataka ulisome taratibu. Ukiweka kadi ya Tanzania kwenye mashine ya Ulaya, ukishaandika kiasi, mara nyingi inakuja skrini inayokuambia kwa upole kabisa kwamba euro 300 zako ni shilingi kadhaa, reti imehakikishwa, unakubali? Kitufe cha kukubali kimekaa vizuri kinang'aa, cha kukataa kimeandikwa kama vile ukikibonyeza hutapata hela. Utapata! Kwa Kijerumani kinaandikwa "ohne Umrechnung", yaani bila kubadilisha, na hicho ndo chako siku zote. Ukikubali shilingi, reti anapanga mwenye mashine na anaongeza faida yake humo, ukikataa inatumika reti ya Visa na benki yako ambayo karibu kila mara ni nafuu. Hata dukani mashine ya kadi ikikuuliza euro au shilingi, sema euro. Jambo hili limewaliza watu wengi sana na hakuna anayewaambia, kwa sababu risiti inatoka safi na mtu anaona afadhali shilingi anazielewa.

Na tumia mashine ya benki yenyewe, ikiwezekana iliyo ndani ya tawi na muda tawi liko wazi, ili ikimeza kadi kuna mtu wa kumuuliza. Zile zilizosimama peke yake stesheni na mitaa ya watalii ziache.

Sasa hiyo Sperrkonto. Mpaka ninavyojua kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na inatoka 992 kila mwezi, hupati zaidi hata ulie. Ili ianze kutoka unahitaji akaunti ya kawaida, wanaita Girokonto, na benki nyingi zinadai Anmeldung. Anmeldung nayo inadai karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha umehamia, Wohnungsgeberbestätigung, jina refu ila ni karatasi moja tu. Kama uko hosteli za Studentenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, waombe wao leo hiihii, kama umepanga kwa mtu mwambie kisheria anatakiwa akupe, na wewe kisheria unatakiwa ujisajili ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Miadi ya ofisi ikiwa mbali ingia kwenye mfumo wao asubuhi mapema, watu huwa wanaghairi na nafasi zinaachiwa.

Benki ikizidi kukuzungusha omba kitu kinaitwa Basiskonto, na litaje kwa jina hilohilo. Tangu 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila mtu anayeishi kihalali Umoja wa Ulaya haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na anwani ya kudumu, na ukishajaza fomu kamili wana siku 10 za kazi. Inaweza kuwa na ada ya mwezi ila inakuvusha. Na ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni kwenu imeshaona kesi hii kila muhula, nenda ukakae mbele yao.

Ukishapata kadi ya huko mambo yanabadilika kabisa. Uliza benki yako iko kundi gani la mashine za kutolea hela, maana Sparkasse wana mashine zao bure kwa wateja wao nchi nzima, na Deutsche Bank, Commerzbank, Postbank na HypoVereinsbank wako kundi moja. Ukitoa nje ya kundi unakatwa. Supermaketi nyingi nazo ukilipa vitu vyako kwa kadi unaweza kumwambia keshia akupe na keshi hadi euro 200 na hukatwi kitu. Keshi utaihitaji, usidanganywe kwamba Ulaya yote ni kadi, Ujerumani kuna duka la mikate na mgahawa mdogo wanataka noti tu. Afu watakuja wakukate wenyewe moja kwa moja kwenye akaunti, bima ya afya, simu, ada ya redio na TV euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba (kama mnaishi watatu mnalipa moja, mgawane). Wakikata kitu usichokielewa una wiki 8 za kuiambia benki irudishe.

Nimalizie laini. Laini zetu siku hizi zimefungwa na alama za vidole, zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo ikipotea ukiwa Leipzig hakuna wa kwenda kukurenyulia, kidole ni chako. Ndo maana hiyo laini ni ya kuiogopa kupoteza kuliko hata kadi. Mtafute mzazi au mlezi aitoe kwa matroni, akutumie kwa mtu anayekuja huko au kwa kampuni ya vifurushi, uiweke tundu la pili la simu yako, romingi ya data uizime, ya meseji uiache, na uiwekee vocha mara kwa mara isije ikafungwa kwa kutotumika. Kabla hujatumiwa, huyo mzazi apige huduma kwa wateja wahakikishe romingi imewashwa. Na tafadhali usimwambie mtu yeyote akusomee namba zinazotumwa na benki kwa simu, hata matroni awe mtu mwema namna gani. Namba hizo zinafungua kila kitu ulichonacho.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina duka la vifaa vya simu Kariakoo, mwezi ujao naenda Guangzhou mara ya kwanza kama wiki tatu. Nina dola 12,000. Wenzangu wengine wanasema beba keshi, wengine wanasema mpe jamaa shilingi huku atakupa yuan kule. Na eti China hawapokei kadi zetu? (Mfanyabiashara, Dar)

JIBU: Nzuri kaka, hongera kwa hatua. Kubeba keshi sio kosa, kosa ni kunyamaza nayo. Ikifika dola 10,000 unaitangaza kwa forodha unapotoka Tanzania, na kuingia China ukiwa na keshi ya kigeni zaidi ya thamani ya dola 5,000 unaitangaza pia. Ni fomu, unajaza unapita. Usipojaza wakaikuta, hapo safari imeharibika kabla hujaona hata duka. Fomu itunze mpaka unarudi.

Ila mi nisingebeba yote. Hela ya mzigo mkubwa ipite benki kwa benki, muuzaji akupe profoma (ankara ya awali) yenye jina la kampuni na akaunti ya kampuni, upeleke benki yako hapa wamtumie. Akikuambia tuma kwenye akaunti ya shemeji yake au ya mfanyakazi, simama hapohapo uulize kwa nini. Hiyo ya kumpa mtu shilingi huku akupe yuan kule najua inafanyika na najua ni rahisi, lakini hujui yuan zile zimetoka wapi, akaunti iliyozipokea ikifungiwa na polisi wa kule muuzaji atakudai wewe na huna karatasi hata moja ya kuonyesha. Kwa mtu anayeenda mara ya kwanza nasema hapana.

Matumizi ya kila siku, chakula, metro, teksi, hoteli, pakua Alipay na WeChat, app ambazo Wachina wanalipia, ukiwa bado Dar, uziunganishe na Visa au Mastercard yako hukohuko nyumbani wakati meseji za benki zinaingia vizuri. Wageni wanaruhusiwa, na mwaka 2024 kiwango kilipandishwa hadi dola 5,000 kwa muamala mmoja na dola 50,000 kwa mwaka. Malipo ya hadi yuan 200 hayana nyongeza, yakizidi hapo wanaongeza asilimia 3, kwa hiyo vitu vidogo lipa kwa simu, vikubwa pima. Na kuna kitu kitakushangaza sokoni: QR (ule msimbo wa kuskani na simu ili kulipa) ya mtu binafsi mara nyingi inakataa kadi ya kigeni, inapokea ya biashara iliyosajiliwa. Ndo maana uwe na yuan kiasi mfukoni, toa kwenye mashine ya benki kubwa, na ile sheria ya kukataa shilingi inatumika na huko pia.

Ah, na iambie benki yako tarehe za safari kabla. Mashine zao zikiona kadi iliyolala Kariakoo jana leo inatoa hela Guangzhou wanaweza kuifunga, na wewe unalala na njaa.

SWALI: Dada nisaidie, nafanya kazi za ndani Muscat mkataba miaka miwili. Mshahara unaingia benki lakini kadi anakaa nayo mama mwenye nyumba, anasema atanitunzia. Nikiomba ananipa kidogokidogo na sijui kuna shilingi ngapi. Naogopa kugombana nae. (Msomaji, Oman)

JIBU: Mdogo wangu, huyo hakutunzii. Akaunti ina jina lako, kadi ni yako na namba ya siri ni yako, hakuna mwajiri mwenye haki ya kushika hata kimoja.

Huna haja ya kugombana. Siku yako ya mapumziko nenda tawi la benki na kadi yako ya ukaazi na pasipoti kama unayo, waambie unataka kubadilisha namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti iwe yako, unataka kadi mpya ya zamani ifungwe, na unataka karatasi ya miamala yote tangu ulipoanza. Muscat wapo watu wengi wenye asili ya Zanzibar, Kiswahili unaweza kukipata, usiogope lugha. Ile karatasi ipige picha umtumie dada au mama nyumbani siku hiyohiyo. Hesabu yake sio ngumu, rial imefungwa na dola, na tangu 1986 rial moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo ukijua mshahara wa mkataba utajua kama kuna mwezi umerukwa au kuna hela imetolewa wewe hukuigusa.

Kama hata kutoka nje hakuruhusu, au pasipoti nayo kaificha, hilo sio la benki tena. Ubalozi wa Tanzania upo hapohapo Muscat. Piga, au ndugu yako apige kwa niaba yako, taja jina lako, mtaa unaoishi na jina la wakala aliyekupeleka. Fanya wiki hii, usisubiri mkataba uishe.