Magoti Yanagonga Usukani, Baiskeli Haitoki

SWALI: Mwanangu ana miaka 11. Alipokuwa na 5, baba yangu alimnunulia baiskeli ya mtumba ya inchi 16, akaipaka buluu kwa rangi iliyobaki ya geti. Mzee alituacha mwaka juzi. Sasa kijana akiipanda, magoti yanagonga usukani. Siku nyingi haipandi kabisa. Imeegemea ukuta wa jikoni, na mimi ndiye ninayeiruka kila asubuhi nikienda kuanika nguo. Dada yangu yuko Kisumu, Nyamasaria, na mtoto wake wa miaka 5 analilia baiskeli. Nilipogusia habari hiyo, kijana aliondoka mezani, ugali nusu sahani. Baba yake anasema tuipeleke steji akiwa shuleni, eti wiki moja atakuwa amesahau. Nifanyeje?
Mama Jemo, Section 58, Nakuru

JIBU: Mama Jemo, poleni kwa kuondokewa na mzee. Na umwambie Baba Jemo, kwa heshima zake zote, kwamba hapo kwa wiki moja amepotea.

Mimi nilifanyiwa hivyo. Nikiwa darasa la sita huko Mumias nilikuwa na mdoli wa kitambaa aliyeshonwa na nyanya, macho yake vifungo vya shati, kimoja cheupe, kimoja cha kahawia. Nilikuwa nimeshaacha kumchezea. Siku moja narudi kutoka kwa shangazi, namkuta mgongoni mwa mtoto wa jirani, kafungwa kwa leso. Mama akaniuliza, "Si wewe ulimtupa chini ya kitanda?" Ni kweli, nilimtupa. Yule mtoto alimbeba vizuri kuliko mimi, sina kinyongo naye. Mama ndiye niliyemnunia hadi shule zikafunguliwa. Leo nina miaka 53 na bado naona pale jicho la kahawia lilipokuwa, uzi tu unaning'inia.

Kwa hiyo msiichukue kwa siri. Wala usirudie mazungumzo ya mezani. Jumamosi mpe spana, umwambie apandishe kiti. Kwenye mti wa kiti kuna alama inayoonyesha mwisho wa kuupandisha. Ikitokeza nje ya fremu, mti unaweza kukatika au kuchomoka mtoto akiwa mbioni. Akifika kwenye alama, apande. Magoti yakigonga bado, atakuwa ameambiwa na baiskeli yenyewe, na hapo hana wa kumnunia. Inchi 16 ni ya watoto wa miaka minne hadi sita hivi. Wa rika lake ni wa inchi 24, lakini hiyo usiitaje sasa, ataona unamhonga.

Atakaponyamaza kidogo, muulize ni nani atakayeitengeneza kabla haijaenda kwa mdogo wake. Usimwite fundi. Mnyororo usafishwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukauke, ndipo utiwe oili. Raba za breki zilizoisha zibadilishwe. Kwa safari, usukani ulazwe pembeni na pedeli zitolewe, na hapa kuna siri ambayo hata watu wazima huwashinda: pedeli ya kushoto imekatwa meno kinyume. Ukisimama upande wake ukaitazama, inalegea ukizungusha spana kama mishale ya saa inavyokwenda. Ukiilazimisha upande mwingine unazidi kuikaza. Mfundishe hilo, kisha umwachie yeye aende kumfundisha binamu yake.

Maana aende nayo mwenyewe, likizo ya Aprili au Agosti. Bei ya kubeba baiskeli mpatane na kondakta kabla haijafungwa kamba kwenye keria. Ikishafungwa, neno ni lake. Akifika Nyamasaria yeye ndiye wa kurudisha pedeli, na yeye ndiye wa kushika kiti kwa nyuma mtoto anapojaribu, kama babu alivyomshikia.

Mambo mawili madogo. Dada yako asiipake rangi mpya, angalau mwaka huu. Buluu ile ya geti ni mkono wa mzee, na kijana akija Desemba ataitafuta kwa macho kabla hajasalimia mtu. La pili ni kengele. Najua kuna watakaokushauri abaki nayo iwe kumbukumbu. Mimi nakataa. Mtoto wa miaka 5 akikutana na bodaboda kwenye kichochoro anaihitaji. Kama anataka kitu cha kuweka, achague raba kuukuu ya breki aliyoing'oa mwenyewe.

Na akikataa baada ya hayo yote? Basi ingojeni. Wa Kisumu ana kama mwaka mzima kabla naye hajawa mrefu. Ila piga misumari miwili ya inchi sita ukutani muitundike, wewe upate njia ya kwenda kuanika nguo.