Mkojo wa usiku: anza na jagi, dawa ya tezi isubiri

Msomaji wetu wa Mikindani, mzee wa miaka 63, ametuandikia kwamba anaamka mara nne kila usiku. Ameshamaliza chupa tatu za mitishamba ya tezi dume alizouziwa stendi, na bado anaamka mara nne. Shikamoo, mzee wetu. Dawa ile hukuandikiwa na kipimo, umeandikiwa na umri.

Kuamka mara moja si jambo la kukunyima raha. Mara mbili na kuendelea, kila usiku, pana sababu ya kutafutwa, na inatafutwa kwa jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kwa siku 3 kojoa humo kila unapobanwa, andika saa na kiasi, andika na ulichokunywa. Mkojo wa kabla ya kupanda kitandani ni wa mchana. Ule wa kwanza wa asubuhi ni wa usiku. Hapo ndipo wengi hukosea na hesabu yote ikapinda. Usipime mwezi wa Ramadhani, maana maji yote huingia kati ya futari na daku.

Tuseme kwa saa 24 umetoa mililita 1,500, na za usiku ni 700. Za usiku hazifai kupita theluthi ya zote; theluthi ni 500, umeipita: kwa mtu wa umri wako, figo zinafanya kazi usiku kuliko inavyotakiwa, na kuisingizia tezi peke yake ni kuionea. Lakini kama kila ukiamka unatoa 100 au 150 tu, tazama kibofu na njia yake: tezi, UTI, au kichocho. Siku nzima ikipita lita 3 na kiu haiishi, kapime sukari asubuhi kabla ya kula. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe kuthibitisha.

Kwa wenye mkojo mwingi wa usiku, tazameni miguu. Bonyeza kidole kwenye muundi kwa sekunde 10. Pakibaki shimo, kuna maji. Mchana kutwa hushuka miguuni, ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa. Kwa hiyo yatoe mapema: saa 10 jioni lala saa nzima miguu ikiwa juu ya mito, kisha tembea kidogo. Chumvi nayo huyashikilia maji. Ng'onda iloweke, mwaga maji mara mbili, na mchuzi wake usitiwe chumvi tena (tunajua mtanuna). Vidonge vya presha vya amlodipini huweza kuvimbisha miguu, na furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) ikimezwa usiku itakukimbiza hadi alfajiri. Mwulize daktari kama unaweza kuimeza mapema, zikiwa zimebaki kama saa 6 kabla ya kulala. Usijibadilishie mwenyewe. Miguu ikivimba na pumzi ikakata ukilala chali, huo huenda ni moyo: nenda hospitali ya Ligula, na wa Lindi nendeni hospitali ya Sokoine.

Kahawa ya barazani iishie alasiri, dafu na maji yaishie zikiwa zimebaki saa 2 au 3 kabla ya kulala. Ila mchana usijinyime, mkojo mzito hukichokoza kibofu.

Tezi ina dalili zake: mkojo unasubiriwa, mkondo dhaifu, matone baada ya kumaliza. Mwenye hali hiyo ajihadhari na vidonge vya mafua vyenye klorfeniramini, vinaweza kufunga mkojo. Damu ikionekana, kapime, hasa kama ulikulia ukioga mabwawani. Kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, lakini kwa mtu mzima daktari akitazame na kibofu, kwa sababu kichocho cha miaka mingi huweza kuzaa saratani.

Choo kikiwa uani, weka tochi na kopo karibu na kitanda; wazee huvunjika nyonga kwenye safari hizi. Na mkojo ukigoma kabisa huku tumbo la chini limejaa, usingoje kukuche, tafuta bodaboda usiku huohuo.