Themostati ya Z-Wave na Home Assistant: inaungana

Umeuliza kama themostati (kifaa cha kudhibiti joto la nyumba) ya Z-Wave, yaani mawimbi ya redio ya vifaa vya nyumbani, itaungana na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa hivyo. Inaungana, ndugu, hata bila intaneti. Chomeka kijiti cha USB cha Z-Wave kwenye kompyuta yenye Home Assistant, washa Z-Wave JS (programu inayoongea na kijiti hicho), kisha ongeza themostati kupitia menyu yake. Ila kijiti kiwe cha soko la Marekani (908.42 MHz) kama ilivyo themostati yako; cha Ulaya ni 868.42, havitasikilizana kabisa.

Kabla ya hapo zima umeme wa mashine ya joto, vua kifuniko cha themostati ukutani uone kama kuna waya kwenye tundu la C. Usiamini rangi, fuata herufi. Waya huo wa C ndio unaoipa themostati umeme wa volti 24 muda wote. Ukitegemea betri itafanya kazi, lakini kwa kawaida haitapokezana mawimbi ya vifaa vingine.

Halafu futa ratiba iliyomo ndani ya themostati yenyewe. Mimi nilisahau: Home Assistant inaweka nyuzi 68 za Farenhaiti, saa 11 alfajiri themostati yenyewe inarudi 62. Wiki nzima nilidhani mke wangu ndiye anayeishusha.